Bomba Likijaa, Maji Yapite Wapi?

Mchoro wa mtaa mpya ukitandazwa mezani, wengi hutazama kwanza mpangilio wa viwanja, upana wa barabara na mahali pa kuegesha magari. Mimi hutafuta sehemu iliyo chini kuliko zote. Nikiipata naweka kidole hapo, halafu nakisogeza polepole nikifuata kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, nikitafuta mahali ambapo maji yaliyojaa pale yangeweza kutokea bila kupanda mlima. Mara nyingi kidole huzunguka kikarudi pale pale kilipoanzia. Hapo najua kuna familia, ambayo pengine hata kiwanja haijanunua bado, itakayoingiliwa na maji usiku mmoja. Jambo hilo tumeliamua sisi, mchana kweupe, kwa kalamu, tukiwa tumekaa pakavu.

Hoja yangu ni kwamba njia ya maji juu ya ardhi, ile itakayotumika bomba likishindwa, ichorwe mwanzoni kabisa, kabla vimo vya barabara na vya sakafu havijapangwa. Leo kazi hiyo huachwa hadi mwisho, anapoitwa mtu wa mitaro na kuambiwa atafute pa kuyapeleka maji katika ardhi ambayo wengine wamekwisha kuikata na kuijaza watakavyo. Wakati huo kinachobaki mkononi mwake ni mabomba tu, na mabomba peke yake hayatoshi.

Hayatoshi kwa sababu kila bomba limekadiriwa kwa mvua yake. Mifereji ya mitaa ya makazi hupangwa mara nyingi kwa mvua ya miaka 5 au 10. Maneno haya "mvua ya miaka 10" yamewapotosha wengi, hata wenye mradi waliosoma. Husikia kwamba mvua kubwa ikinyesha mwaka huu basi wamepumzika miaka kumi. Maana yake ni nyingine: kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 kwamba mvua ya kiasi hicho au zaidi itanyesha, na mwaka uliopita haupunguzi chochote. Ukiishi mtaani hapo miaka 25, uwezekano wa kuiona mvua inayolishinda bomba lako angalau mara moja ni asilimia 93. Hata mvua ya miaka 100, ambayo watu huizungumzia kama hadithi ya mababu, ina karibu asilimia 40 ya kutokea ndani ya miaka 50 ya uhai wa nyumba.

Kwa hiyo bomba kujaa si ajali. Tulilikubali jambo hilo siku tulipochagua kipenyo chake, na tulikuwa na haki ya kulikubali, kwa kuwa bomba la kumeza kila mvua halijengeki na fedha zake hazipatikani. Kosa linaanza pale tunapokubali kwamba bomba litajaa kisha tukakataa kusema maji yatakayozidi yataelekea wapi.

Wataalamu wa maji ya mvua wameligawa jambo hili katika mifumo miwili. Kuna mfumo mdogo, yaani mabomba, mitaro na matundu ya kando ya barabara, unaoshughulikia mvua za kila msimu. Halafu kuna mfumo mkubwa, yaani barabara yenyewe, nyasi za pembeni, mabonde na maeneo ya wazi, unaobeba mvua inayoushinda ule mdogo. Mwongozo wa mifereji ya mijini uliotolewa kwa eneo la Denver, Marekani, mwaka 1969 ulikuwa miongoni mwa ile iliyoeneza mgawanyo huu. Sentensi ambayo ningependa kila mhandisi kijana aikariri ni kwamba mfumo mkubwa upo hata usipoupanga. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Usipoyachagulia mkondo, yatajichagulia, na yatapita kwenye mlango wa mtu.

Niwaonyeshe kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutazama mtaa mdogo wenye barabara moja inayoteremka hadi mwisho wake, ikafia mbele ya nyumba mbili. Pale chini palikuwa na matundu mawili yenye wavu wa chuma na bomba la milimita 450 lililopita katikati ya nyumba hizo kuelekea bondeni. Mchoro wa awali ulionyesha juu ya bomba hilo ukanda wa nyasi wenye upana wa mita 5. Haukuwa na jina wala kimo. Ulipakwa kijani tu. Mwenye nyumba ya kushoto, kama mtu yeyote angefanya, aliona nyasi zisizo na mwenyewe zikipitwa na wageni, akajenga ukuta wa matofali kuziba. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akiziba mlango pekee wa dharura wa mtaa mzima. Nilipofika, alama ya tope kwenye kuta za sebule yake ilikuwa juu ya goti langu.

Tufanye hesabu pamoja, maana ndani yake ndiko lilikolala jambo lenyewe. Chukua eneo la hekta 2 linaloteremkia hapo, lenye mapaa na lami ya kutosha kufanya asilimia 70 ya mvua itiririke. Njia ya kukadiria mtiririko ni ya zamani na rahisi: zidisha sehemu ya mvua inayotiririka, nguvu ya mvua na ukubwa wa eneo. Mhandisi wa Ireland, Thomas Mulvaney, aliandika wazo hilo mwaka 1851, na Emil Kuichling akalipeleka kwenye mifereji ya miji ya Marekani mwaka 1889. Kwa mvua ya milimita 60 kwa saa, hekta hizo 2 zinaleta takriban lita 233 kila sekunde. Bomba la milimita 450 lililolazwa kwa mteremko wa asilimia 0.7 linabeba kama lita 240. Aliyelichagua hakukosea hata kidogo, na hesabu yake ingepita kwa mkaguzi yeyote.

Sasa ije mvua ya milimita 100 kwa saa. Lita 389 kila sekunde. Bomba linachukua zake, na karibu lita 150 zinabaki juu. Kilele hicho kikidumu robo saa tu, karibu mita za ujazo 135 zinasimama mbele ya nyumba mbili zile. Kama pale chini pana uwanja wa mita za mraba 700 uliozungukwa na kuta, hicho ni kina cha karibu sentimita 20. Na hapo nimekuwa mkarimu kwa bomba, kwani nimelichukulia kuwa wazi. Tuseme wavu wa chuma umezibwa na majani na mifuko ya plastiki, jambo ambalo hutokea hasa mvua ya kwanza kubwa inapofagia barabara iliyokaa kavu kwa miezi. Basi karibu maji yote yanabaki juu: mita za ujazo 350, kina cha nusu mita. Ndiyo ile alama juu ya goti.

Lakini uache ukanda wa mita 5 wazi, na kizingiti chake, yaani ukingo ambao maji huanza kuuvuka, kiwe chini ya sakafu za nyumba kwa sentimita 30. Lita 150 hivi zinazozidi zitapita juu ya kizingiti hicho kwa kina cha sentimita 7. Hata bomba likizibwa kabisa na lita zote 389 zikatafuta njia, kina ni takriban sentimita 13. Sakafu inabaki na sentimita 17 za akiba. Hakuna pampu wala bomba la pili. Kinachohitajika ni pengo la mita 5 na mtu aliyejali kulipangia kimo.

Kuna siri ndani ya hesabu hii ambayo naona haisemwi vya kutosha, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuipenda ardhi kuliko bomba. Bomba likishajaa ni gumu kulishawishi. Msukumo wa maji ukiongezeka maradufu, mtiririko unaongezeka kwa asilimia 40 hivi tu. Kizingiti kilicho wazi kina tabia nyingine: kina cha maji kikiongezeka maradufu, yanayopita yanakaribia mara tatu. Yaani kadiri tulivyokosea makadirio, ndivyo bomba linavyotuangusha na kizingiti kinavyotubeba. Nasi hukosea makadirio mara kwa mara. Watu hujenga vibanda vya uani, hupiga sakafu ya zege palipokuwa na bustani, na sehemu ya mvua inayotiririka hupanda mwaka hadi mwaka bila mtu kuomba kibali cha mfereji. Hewa nayo, kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo dhoruba fupi kali zina cha kumwaga zaidi kuliko zile zilizorekodiwa katika majedwali tunayotumia.

Kama jambo ni jepesi hivyo, kwa nini halifanyiki? Kwa maoni yangu tatizo ni mpangilio wa kazi. Mbunifu wa barabara huweka vimo vyake akifikiria mwendo wa magari na kusawazisha udongo, ili unaochimbwa huku utoshe kujaza kule. Msanifu wa majengo huweka sakafu zake akifikiria ngazi, milango na sura ya jengo. Mpangaji huchora mipaka ya viwanja ili vipatikane vingi. Kila mmoja anafanya kazi halali, na kila mmoja kwa sehemu yake anaamua maji yatapita wapi bila kujua kwamba ameamua. Mtu wa mifereji anapoletewa mchoro, bonde lisilo na mlango limekwisha kuwepo, viwanja vinavyolizunguka vimeuzwa, na anaombwa "aongeze kipenyo kidogo." Kuinua kilele cha barabara kwa sentimita 20 kwenye programu ya kompyuta ni kazi ya dakika moja. Jaribu kuziomba sentimita hizo hizo baada ya lami kumwagwa na vizingiti vya milango kujengwa.

Utaratibu ninaoupendekeza unaenda kinyume. Kwanza tafuta mkondo wa asili wa ardhi, ule uliokuwepo kabla ya greda kufika, na uuachie njia. Kisha zilaze barabara zifuate au zivuke mkondo huo mahali panapojulikana. Kila sehemu ya barabara iliyo chini kuliko pande zake ipewe mahali pa kufurikia, na kimo cha mahali hapo kiandikwe. Halafu, na hapa ndipo wengi hupindua, vimo vya sakafu vitokane na kimo cha kizingiti hicho, kwa kuongeza akiba juu yake. Sakafu isipimwe kutoka usawa wa barabara iliyo mbele ya nyumba tu, kwa maana barabara hiyo inaweza kuwa ndani ya beseni, na nyumba ikawa juu ya barabara kwa sentimita 15 lakini chini ya ukingo wa beseni kwa sentimita 40. Nimeona hilo kwenye michoro iliyotiwa sahihi na watu watatu.

Kuhusu mahali pa kuweka sehemu ya chini ya barabara, nina msimamo mkali. Iwekwe penye eneo la wazi, penye bustani, penye kivuko cha mkondo, mahali popote ambapo maji yakitoka hayakuti mlango. Mbunifu akiteleza mita 30 tu kwenye urefu wa barabara, anaweza kuihamisha kutoka mbele ya bustani hadi mbele ya chumba cha kulala cha mtu. Jicho kali lielekezwe pia kwenye makutano ambapo barabara inayoteremka inaishia kwenye nyingine inayopita kwa kukingama. Gari linapinda pale. Maji yenye kasi hayapindi. Yanaruka ukingo na kwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba iliyo ng'ambo, na mwenye nyumba ile atapata taabu kila mwaka kwa sababu ya mteremko ambao hauko hata katika mtaa wake. Dawa yake ni kuinua kidogo uso wa makutano, au kuacha pengo baina ya viwanja viwili moja kwa moja mbele ya barabara inayoteremka.

Juu ya uso wa barabara yenyewe mambo ni madogo na yanahesabiwa kwa milimita. Barabara hupewa mgongo, au huinamishwa upande mmoja, kwa asilimia 2 hadi 2.5 ili maji yaondoke haraka. Kwa urefu, penye ukingo wa zege, hatupendi kushuka chini ya asilimia 0.3, na asilimia 0.5 ni bora. Asilimia 0.5 ni milimita 5 kwa kila mita. Fundi akikosea sentimita moja tu, kosa ambalo jicho halilioni, amefuta mteremko wa mita 2 na kutengeneza dimbwi. Ndiyo maana sipendi michoro inayojivunia kufikia kiwango cha chini kabisa kilichoruhusiwa. Kwenye karatasi kimefikiwa. Barabarani, baada ya mtambo wa kushindilia kupita na udongo kutitia kidogo, hakipo tena.

Kuna sehemu moja ya barabara ambayo huwaua watu kimyakimya, nayo ni mwanzo na mwisho wa kona. Barabara iliyonyooka ina mgongo katikati. Kwenye kona upande wa nje huinuliwa ili gari lisirushwe. Baina ya hali hizo mbili uso wa njia moja lazima ugeuke kutoka kuinama kushoto hadi kuinama kulia, na kati ya safari hiyo kuna mahali ambapo hauinami popote. Sufuri. Ikiwa hapo hapo barabara pia imelala kwa urefu wake, kwa mfano iko juu ya kilele au chini ya bonde, maji hayana amri ya kwenda upande wowote. Yanakaa kama kioo, milimita chache tu, na milimita chache zinatosha kuinua tairi la gari lenye kasi lisiguse lami. Dereva anayepoteza gari pale huambiwa alikuwa mwendo kasi, na pengine kweli alikuwa. Lakini kulikuwa na mtu aliyepanga kilele na mwanzo wa kona vikutane mita ile ile, na kuvitenganisha kwa mita 50 au 60 kungempa mteremko alioukosa. Katika michoro ya barabara hili ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta.

Barabara pana nazo zina hadithi yake. Tone la mvua halikatizi barabara kwa mstari ulionyooka. Hufuata muungano wa miteremko miwili. Kwenye barabara ya mita 7 inayoinama upande mmoja kwa asilimia 2 na kushuka kwa urefu kwa asilimia 4, tone linaloanzia ukingo wa juu linatembea karibu mita 16 kabla ya kufika ukingo wa chini, likikusanya wenzake njiani. Ongeza mwinamo wa ubavu hadi asilimia 2.5 na safari inakuwa mita 13. Nusu asilimia, na unene wa maji chini ya tairi unapungua.

Matengenezo nayo yana mchango ambao haumo kwenye mchoro wowote. Ukingo wa barabara uliojengwa na kimo cha sentimita 15 ni ukuta wa mfereji, hata kama anayeukanyaga hajui. Lami ikichakaa, huongezwa tabaka jipya la sentimita 5 juu ya la zamani. Likija la pili, ukingo umebaki sentimita 5. Barabara imepoteza theluthi mbili za kina chake bila mtu yeyote kuamua kuziba mfereji. Milango ya kuingizia magari iliyokuwa ikipandisha kidogo kutoka barabarani sasa inateremka kuingia uani. Kukwangua lami ya zamani kabla ya kuweka mpya hugharimu zaidi, na wanaoidhinisha fedha huona ni anasa. Waende wakasimame kwenye uani huo mvua ikinyesha. Matuta ya kupunguza mwendo yanafanya vivyo hivyo: tuta la sentimita 10 lililojengwa kutoka ukingo hadi ukingo ni bwawa dogo, na pengo la upana wa kiganja kila upande lingelitosha kulifanya lisiwe bwawa.

Wapo wanaopinga kufanya barabara kuwa mfereji, na nawaheshimu, kwa kuwa wana hoja. Maji yanayotiririka barabarani yanaweza kuua. Miongozo ya Australia huzidisha kina, kwa mita, na kasi, kwa mita kwa sekunde, na kwa watoto inaweka mpaka wa 0.4: maji ya kina cha sentimita 20 yanayokwenda mita 2 kwa sekunde yamefika hapo. Gari dogo linaweza kuanza kuelea kwenye maji yaliyosimama ya kina cha sentimita 30. Basi barabara yenye mteremko mkali isibebeshwe maji ya eneo kubwa. Yatolewe mapema, kwenye kila mapito yanayopatikana, kabla hayajakusanyika na kupata nguvu. Mimi sipendekezi kuyamwaga maji barabarani kwa kuwa ni rahisi. Maji yatakuwa barabarani kwa vyovyote, na naomba tujue mapema yatakuwa na kina gani, kasi gani, na yatatoka wapi.

Hoja nyingine ni ya jirani wa chini. Maji niliyoyatoa kwangu yameingia kwake. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa pengo la mita 5 lililoniokoa mimi linaweza kukusanya mtiririko uliokuwa umetawanyika na kuuelekeza kama mpira wa kumwagilia kwenye shamba la mwingine, likachimbika korongo kwa misimu miwili. Kwa hiyo njia ya maji haiishii kwenye mpaka wa kiwanja. Inafuatwa hadi inapofika kwenye mto, bonde au mfereji mkubwa unaoweza kuipokea, na njiani yatawanywe, yapunguzwe kasi kwa mawe, au yashikwe kwa muda kwenye bwawa kavu na kuachiwa kidogo kidogo. Mchoro unaoonyesha mshale ukitoka nje ya mpaka na kuishia kwenye karatasi nyeupe haujakamilika.

Na ipo ardhi tambarare kabisa isiyo na pa kutokea, ambako kidole changu kingezunguka milele. Huko jibu ni kuamua mahali pa kuyaweka maji: uwanja wa michezo ulioshushwa nusu mita, egesho la magari lenye kingo, bustani iliyo chini ya usawa wa barabara. Na sakafu ziinuliwe. Kazi yake ni ngumu zaidi, lakini nayo inamalizwa kwa vimo vya ardhi kabla ya mabomba.

Jiji la Copenhagen lilifundishwa somo hili kwa ukali tarehe 2 Julai 2011, mvua ya zaidi ya milimita 100 iliponyesha ndani ya saa chache. Ni jiji tajiri lenye mabomba mazuri chini yake. Mabomba yalijaa na vyumba vya chini ya ardhi vikafurika. Mwaka uliofuata lilipitisha mpango wa mvua kubwa ambao moyo wake uko juu ya ardhi: mitaa fulani ikatwe upya ili ibebe maji hadi bandarini, bustani zishushwe ziwe mabwawa kwa saa chache, na lengo likawekwa wazi kwamba katika mvua ya miaka 100 maji mitaani yasizidi sentimita 10. Kinachonigusa katika mpango huo ni kile kipimo. Walikubali maji yawepo mitaani, kisha wakataja kina. Wanafanya hivyo katika jiji lililojengwa kwa karne nyingi, kwa kubomoa na kujenga upya. Sisi tunaochora mitaa ambayo bado ni nyasi tunaweza kupata kitu hicho hicho kwa kusogeza mistari.

Nirudi kwa yule aliyejenga ukuta. Hakulaumiwa, na hakustahili kulaumiwa. Sehemu ya chini ya ukuta wake ilikatwa kwa upana wa mita zile 5, ikawekwa uzio wa nondo zilizoachana, wenye mlango wa kufunguka ili uchafu usijirundike. Faragha yake aliipata kwa miti aliyoipanda ndani zaidi, nje ya ukanda. Lililokuwa gumu zaidi kuliko kukata matofali ni karatasi. Ukanda ule haukuwa na jina popote: haukuwa kwenye hati ya kiwanja, wala kwenye kumbukumbu za wanaotunza barabara, na michoro aliyokabidhiwa mnunuzi haikuutaja. Angeuza nyumba kesho, mwenye nyumba mpya angejenga ukuta ule ule kwa nia njema ile ile.

Kwa hiyo siku hizi sikubali mchoro wa vimo usio na karatasi moja ya ziada inayoonyesha mtaa wote kama vile hauna bomba hata moja: mishale myekundu ya maji juu ya ardhi, kila kizingiti na kimo chake, kina kinachotarajiwa, na maneno "njia ya maji ya dharura, pasijengwe" yakiwa yameandikwa juu ya kila ukanda na kuhamishiwa kwenye hati ya kiwanja husika. Na kabla mkandarasi hajamwaga lami, mpima ardhi aende kwenye kila kizingiti na kifaa chake, apime, alinganishe na karatasi ile, aweke sahihi. Kizingiti kikiwa juu kwa sentimita 10 siku hiyo, greda bado lipo kwenye eneo la kazi na linaweza kukishusha kabla ya saa sita mchana.